Wakala kashikilia domeni yenu? Yaliyotukuta sisi Jambiani

Waalaykum salaam dada wa Chake. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Kwa wanaoingia sasa hivi: kikundi chao cha sabuni za mwani kina domeni ya .com, yaani jina la tovuti yao, iliyonunuliwa na wakala wa mjini. Wanataka kuhama, wakala hatoi msimbo wa kuhamishia (neno la siri la kuipeleka domeni kampuni nyengine) mpaka alipwe laki sita anazodai za hostingi, yaani kuwawekea tovuti hewani, na domeni inamaliza muda wake baada ya siku 22. Mmoja hapo juu kakushauri mnunue jina jengine yaishe. Usifanye hivyo. Jina limeshachapwa kwenye maboksi yote ya sabuni, na likishaachwa hujui ataliokota nani.

Nakwambia hivi kwa sababu yametukuta. Ami yangu ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba saba. Mwaka 2016 kijana mmoja wa mjini alitutengenezea tovuti, akanunua na domeni. Kila mwaka ami anamtumia pesa kwa Ezypesa, halafu anaandika tarehe na kiasi kwenye daftari lile lile analoandikia mafuta ya jenereta. Juni 2023 tukapishana kwenye bei. Hakugomba. Ijumaa moja tu tovuti ikazimika, na imeili zikazimika nayo.

Juni hiyo! Wageni wa Julai ndio wanauliza habari za gari ya uwanja wa ndege. Mjerumani mmoja kafika saa nne ya usiku kwa teksi aliyoipata mwenyewe, kashika karatasi tatu mkononi: imeili zake kazichapa, zote hazikujibiwa. Ami kazisoma kwa tochi ya simu pale mlangoni, hana la kusema.

Nikamfuata fundi ofisini kwake. Feni moja, kaielekeza kwake mwenyewe. Akaniambia, "Domeni yangu, mie ndiye niliyenunua." Na kweli kanunua, lakini kwa pesa ya nani? Nikatoka pale kichwa kinaniuma, na kosa langu la kwanza likawa kuendelea kumbembeleza wiki mbili nzima kwa simu. Simu haiachi alama. Baadaye nilipotakiwa ushahidi kwamba nimeomba, sikuwa nao.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba wakala si msajili, yaani kampuni inayoandikisha domeni. Daftari kuu la .com lipo kwa kampuni ya Verisign, Marekani. Chini yake wapo wasajili walioidhinishwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni duniani, na huyu wetu wa mjini ni dalali tu aliyefungua akaunti kwa msajili mmoja. Ingia lookup.icann.org, andika domeni yenu. Majina ya wenye domeni siku hizi mara nyingi yamefichwa, usishtuke. Wewe tazama jina la msajili, tarehe ya mwisho, na hali yake. Ukiona clientTransferProhibited, hiyo ni kufuli ya kawaida, msajili anaifungua ukiomba. Kama siku hazijafika 60 tangu domeni isajiliwe au ihamishwe mara ya mwisho, hapo ndipo huwezi kuhama kwa sasa.

Sasa hizo laki sita. Kanuni ya uhamisho ya ICANN inasema wazi: mwenye domeni akiomba msimbo, msajili ampe njia ya kuuchukua mwenyewe au amtolee ndani ya siku tano za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Na hawezi kuuzuia kwa sababu tu mna ugomvi wa malipo. Deni la hostingi ni deni, akadai anakojua, lakini si kufuli ya domeni. Hata uhamisho wenyewe ukishaanza, deni linaloweza kuuzuia ni la ada ya domeni yenyewe, ya kipindi kilichopita au ya hiki cha sasa kama muda haujaisha. Na msajili anabeba dhamana ya mawakala wake, kwa hiyo "ongea na wakala wako" si jibu.

Sisi msajili alitujibu hivyo hivyo, mara mbili, neno kwa neno. Imeili niliyomtumia msajili ilikuwa fupi, chukua kama ilivyo: "Sisi ndio wenye domeni hii. Wakala wenu amekataa kutupa msimbo wa uhamisho na kuondoa kufuli. Tunaomba vyote viwili ndani ya siku tano kwa mujibu wa kanuni ya uhamisho ya ICANN." Nikaandika kwa Kiingereza, nikabandika skrinshoti za wakala akikataa kwa WhatsApp. Hapo nilikuwa nimeshashika adabu, namwandikia tu, simpigii. Siku tano zikapita. Siku ya sita nikajaza fomu ya malalamiko kwenye tovuti ya ICANN, haina malipo, nikaambatisha zile imeili. ICANN hawakurudishii domeni wao wenyewe, wanamuuliza msajili kwa nini hajafuata kanuni. Lakini msajili yule yule aliyekuwa hanijui, safari hii kaniandikia mwenyewe, kwa heshima, anataka vielelezo.

Na hapo ndipo palipokuwa na mtihani khasa. Imeili ya mwenye domeni iliyosajiliwa ilikuwa info@ ya domeni ile ile! Kila uthibitisho wanaotuma unakwenda kwenye sanduku alilolizima fundi. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Basi tukabadilisha imeili kwa njia ya nyaraka: kitambulisho cha ami cha Mzanzibari, cheti cha jina la biashara kutoka BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), na lile daftari la jenereta, nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa pamoja na jumbe za Ezypesa. Yule mtu wa msajili kauliza mpaka maana ya neno "dizeli" lililoandikwa pembeni.

Wakatufungulia akaunti yetu moja kwa moja kwao, na jioni ile ile nikageuza nemuseva (anwani zinazoielekeza domeni ilipo tovuti), tovuti ikapanda. Ila kubadilisha imeili ya mwenye domeni kunahesabiwa ni kubadilisha mwenye domeni, na kunaweza kuleta kufuli ya siku 60. Kulikuwa na kiboksi cha kukataa kufuli hiyo kabla ya kuthibitisha, mie nikapita bila kukisoma. Tukakaa kwa msajili huyo miezi miwili myengine. Wewe kisome.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo lolote, jueni imeili gani imesajiliwa na kama mnaifungua. Kama ni ya yule mwalimu wenu uliyesema kahamia Unguja, mtafuteni leo hii.

Siku 22 zinatosha lakini hazina nafasi ya kubembelezana: tano za msimbo, kisha uhamisho wenyewe unachukua kama tano nyengine, na .com ikihama huongezewa mwaka mmoja. Mkiona siku zinakwenda, mwombeni msajili mlipie upya hapo hapo, kuhama kutafuata. Muda ukipita domeni haipotei siku ile ile. Wasajili wengi huacha nafasi ya kulipia, wengine mpaka siku 45, halafu zipo 30 za kuikomboa kwa bei ya kuumiza, halafu tano za mwisho ambazo hakuna wa kuigusa. Msijaribu kufika huko.

Likiwapo jina la wakala peke yake kama mwenye domeni, hiyo kesi nyengine, na sitaki kukudanganya kuwa ni nyepesi. ICANN haiamui nani mwenye mali. Inabaki UDRP, utaratibu wa kuamua ugomvi wa domeni, ambao lazima uonyeshe haki ya alama ya biashara na nia mbaya ya aliyeishika, na WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, wanaosikiliza kesi hizo) peke yake wanataka dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja. Hapo kukaa naye barazani na sheha kunaweza kuwa rahisi zaidi. Na wanaouliza habari za .tz: zina utaratibu wake wa hapa nchini, fomu ya ICANN haiwafai.

Ami alimlipa fundi sehemu ya deni ambayo daftari lilikubali. Mie sikutaka.

Leo Jumatano. Ukituma imeili kwa msajili leo, siku ya tano ni Jumatatu. Tuma nakala kwa wakala, na hifadhi skrinshoti yenye tarehe na saa.