Je, bhajan ya Kiswahili inamfikia Bhagwan, Mwenyezi Mungu?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nimeolewa katika familia ya Wagujarati. Kila alfajiri huwasha diya na kumwimbia Krishna bhajan, yaani nyimbo za ibada, kwa Kiswahili, maneno niliyotunga mwenyewe. Mzee mmoja wa hekaluni kwetu amesema hiyo si ibada, kwani Mungu huombwa kwa Kisanskriti. Tangu siku hiyo nawasha taa na kukaa kimya. Nifanye nini?

JIBU: Binti yangu, huo ukimya wako umeniuma kuliko maneno ya mzee. Imba.

Mantra, maneno matakatifu ya yajna (ibada ya sadaka motoni) na ya ndoa, ni za Kisanskriti, na zibaki hivyo. Lakini bhajan si mantra, na hapo ndipo mzee alipoteleza. Kama lugha ya nyumbani haifai kwa ibada, Narsinh Mehta, yule mshairi mcha Mungu wa Junagadh kule Gujarat, tumweke wapi? Nyimbo zake za alfajiri, prabhatiya, ni za Kigujarati, na huenda mzee huyo amelelewa nazo. Husimuliwa kwamba Narsinh alikesha akiimba kwa watu walioitwa wasioguswa, Wabrahmani (tabaka la makuhani) wenzake wa jamii ya Nagar wakamtenga. Hakuacha kuimba. Mshairi Dnyaneshwar naye, mwaka 1290, aliifafanua Bhagavad Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna, kwa Kimarathi ili hata asiyejua Kisanskriti aisikie. Tukaram wa Dehu, mshairi mwingine wa Kimarathi, alilazimishwa kuyatosa madaftari ya nyimbo zake katika mto Indrayani. Waja wake husimulia kwamba baada ya siku 13 yaliibuka yakiwa salama. Na kule kwenye hekalu la Srirangam, kusini mwa India, sanamu ya Vishnu, ambaye Krishna ni umbo lake, inapotolewa kwa maandamano, waghani wa beti za Kitamil za Alvar, washairi watakatifu wa kale, humtangulia, na wasomaji wa Veda, maandiko ya Kisanskriti, humfuata nyuma. Nyuma! Anayesema lugha za watu hazina nafasi mbele ya Bwana ayatazame maandamano hayo.

Katika Gita 9:26 Krishna anasema hupokea jani, ua, tunda au maji, mradi yametolewa kwa upendo. Sharti la lugha silioni.

Hata hivyo usimjibu mzee kwa ukali. Analinda alichoachiwa na wazazi waliovuka bahari nacho. Mwamkie kama siku zote, umwombe akufundishe ubeti mmoja wa Narsinh, akueleze na maana yake.

Na mumeo hukumtaja hata mara moja. Kesho mwamshe mapema, aketi kando yako, amimine samli ndani ya diya wewe ukisokota utambi. Kama hajui kuimba, apige makofi.