Kwa watarajali mnaogombania taa ya buluu

Jumanne nimefungua mlango wa chumba cha tatu, nikakuta pazia limefungwa, taa zimezimwa, na tarajali wangu mmoja ameinama juu ya mama wa watu, mkononi ile taa ya buluu ya kutafutia saratani mdomoni (tishu yenye afya hung'aa kijani, ya kutiliwa shaka huwa giza), miwani ya rangi ya chungwa puani. "Dokta, njoo uone! Fizi yote imepoteza mng'ao!" Mama mwenyewe alikuja kung'oa gego. Ameshikilia mikono ya kiti kama mtu aliyepanda bodaboda kwenye mteremko. Nikawasha taa ya juu, nikavuta mdomo. Fizi nyeusi kulia, nyeusi kushoto, nyeusi vilevile mbele, aliyozaliwa nayo. "Shikamoo mama, samahani. Huna ugonjwa, kijana kashangaa tu rangi yako."

Nikacheka hadi kwenye korido. Halafu nikakumbuka kuwa huyu ni wa nne mwaka huu, na kwamba mimi nilifanya baya zaidi. Basi nawaandikia, kwa sababu mnanipenda ila hamnisikilizi.

1. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi na fizi, inameza mwanga. Kijitabu kilichokuja na mashine kimejaa picha za midomo ya waridi; vinywa vyetu havimo. Ukiona giza, linganisha pande mbili kabla hujafungua mdomo wako. Doa lililoachwa na amalgamu, ile metali ya kuzibia meno, kwenye fizi nalo litakuwa jeusi tii, na halina kesi.

2. Damu inameza mwanga pia. Shavu lililong'atwa, meno bandia yanayosugua, laikeni (ugonjwa wa uvimbe wa ngozi ya ndani ya mdomo), vyote vinatoka giza kwenye buluu. Bonyeza taratibu kwa kipande cha kioo cha slaidi: ukijani ukirudi, huenda ni uvimbe wa kawaida. Ondoa chanzo, mwite baada ya wiki mbili. Wiki mbili, si "ukipata nafasi". Na uandike namba ya simu ya ndugu yake, kwa sababu ya kwake itakuwa haipatikani.

3. Hii ndiyo inayoniuma, kaeni.

Mashine ilikuwa na mwezi mmoja kwetu. Nilikuwa naibeba kama mtoto mchanga, nikiwaeleza hata wahudumu kwamba mwanga wa nanomita 400 hadi 460 unaamsha mng'ao wa kolajeni (nyuzi za protini) na FAD (kemikali ya ndani ya seli) kwenye tishu, nzima inakuwa kijani, iliyoharibika inakuwa giza. Nilijua kila kitu. Akaja mzee mmoja, dalali wa mnada wa samaki, mtafunaji wa tambuu tangu ujana. Sauti yake ilijaza chumba. Alinitania kwamba akinipeleka mnadani nitauzwa bei ya dagaa. Ubavuni mwa ulimi, upande wa kulia, ana utando mweupe mnene, hautoki hata ukiufuta kwa gozi, kile kitambaa cha vidonda. Nikapitisha kidole. Katikati, chini ya utando, pana kitu kigumu kama punje ya choroko.

Nikafunga pazia, nikawasha taa. Utando ukang'aa. Haukuwa giza hata kidogo, uling'aa kuliko sehemu zilizouzunguka! Nikafurahi kama mtu aliyeona matokeo ya mtihani. Nikaandika kwenye faili: "Hakuna upotevu wa mng'ao." Nikamwambia mzee, "Taa imesema uko salama, ila punguza tambuu." Kinyama cha kupeleka maabara sikukata. Tarehe ya kurudi sikumpa. Kidole kilikuwa kimeshaniambia, nikakikatalia.

Kilichokuwa kinang'aa ni keratini, protini ngumu kama ya kucha. Ikiwa nene, yenyewe inatoa mng'ao, na kilicho chini yake hukioni. Hilo nalo lilikuwemo kwenye kijitabu, ukurasa ambao sikuusoma kwa sababu haukuwa na picha.

Miezi saba baadaye alirudi na mpwa wake. Mpwa ndiye aliyeongea. Ulimi umekuwa mzito, chakula kinabaki upande mmoja, na shingoni pana tezi ngumu isiyosogea. Mzee alinitazama, akasema kwa shida, "Si ulisema taa imesema?" Sikuwa na jibu, wala sasa sina. Safari hii nilikata kinyama. Majibu ya histo, yaani ya maabara ya kuchunguza tishu, yakaja: skwamasi seli kasinoma, saratani. Alipasuliwa, kipande kikubwa cha ulimi kikaondoka, akapigwa mionzi. Nilikwenda pwani siku moja kumsalimia. Mpwa ndiye aliyekuwa akinadi. Mzee amekaa juu ya kreti, ananyoosha vidole kutaja bei, na wanunuzi wanamwelewa. Aliniona, akanyoosha vidole viwili akielekeza kwangu. Nadhani ilikuwa bei ya dagaa.

Kwa hiyo utando mweupe usiotoka, ulio pembeni mwa ulimi au sakafu ya mdomo, kwa mtu wa tambuu, kuberi, sigara au pombe: unakatwa kinyama. Hata ukiwaka kama taa za harusi. Na ukikuta kigumu chini ya kidole, msiniite nije na mashine, niiteni nije na blade.

4. Ile leza nyekundu ya kutafutia meno yaliyooza, ya nanomita 655, inayosoma 0 hadi 99: safisha jino kwanza, likaushe, na leza uisawazishe kwenye kigae chake. Doa la chai, ukoga na mabaki ya pasta ya kung'arishia vyote vinapandisha namba. Juzi kuna aliyesoma 60 akashika drili, kumbe ni pasta yake mwenyewe. Jino la mtu, jamani.

5. Mkiona rangi nyekundu au ya chungwa juu ya ulimi au shingoni mwa meno, tulieni. Ni pofirini, kemikali zinazotengenezwa na bakteria. Waonyesheni watoto kwenye kioo. Kuna binti wa miaka saba aliona meno yake yanawaka nyekundu, akakataa kushuka kitini mpaka apewe mswaki. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufanya hivyo.

6. Kinyama kiende kwenye fomalini ya asilimia 10, si kwenye salaini, na lebo ibandikwe kwenye kopo, si kwenye kifuniko. Kifuniko huvuliwa. Mnacheka, lakini nimepokea simu ya maabara mara mbili mwezi huu.

Na aliyeacha miwani ya chungwa kwenye meza ya chai, karibu na sahani ya mihogo, aje aichukue. Ina mafuta.