Mkate wa dharura: soya inatangulia kwenye kikombe

Swali lenu la wiki hii, kwamba ukikwama nyumbani siku kadhaa umebaki na vya stoo tu utapika nini, jibu langu ni mkate, ila sio ule wa unga mweupe mtupu jamani, huo unajaza tumbo halafu baada ya muda kidogo watoto wamerudi jikoni wanauliza kuna nini.

Mimi nafuata kipimo cha Clive McCay, profesa wa lishe wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alikibuni kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali za akili, watu waliokuwa wanategemea mkate kweli kweli. Unachukua kikombe, chini unaweka kijiko kimoja cha chakula cha unga wa soya, kimoja cha maziwa ya unga, na kijiko cha chai cha kiini cha ngano, ile sehemu ya punje inayochipua, ndo unajazia unga mweupe mpaka juu. Basi, kila kikombe hivyo hivyo. Ngano ina protini lakini imepungukiwa laisini, kipande cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na soya na maziwa ndo wanayo kwa wingi, kwa hiyo wakiingia pamoja wanaziba pengo. Kiini cha ngano kina mafuta kinachacha haraka, kama huna ruka tu.

Vikombe vinne natia hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kimoja na nusu, mafuta kidogo, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Hamira iliyokaa sana ijaribuni kwanza kwenye maji vuguvugu na sukari, dakika kumi ikiwa haijatoa povu imekufa, msipoteze unga wenu! Na msizidishe soya, mimi niliweka nusu kwa nusu nikidhani naongeza nguvu, donge likakaa bakulini saa nzima halijapanda hata kidole, maana soya haina ule mvuto wa ngano unaoshika hewa.

Oveni sio lazima. Tandaza donge unene wa vidole viwili, liache liumuke, weka kwenye sufuria nzito yenye mfuniko, moto mdogo kabisa, dakika kama 15 kila upande. Ligonge chini na kidole, likilia kama kitu chenye uwazi ndani, limeiva.