Maswali ya Wasomaji: Kiredio, Kadi na Betri Iliyovimba

Nina duka karibu na stesheni, Kigoma mjini. Nimenunua kiredio kidogo cha kuchomeka kadi pamoja na kadi ya GB 64. Kiredio kinawaka lakini hakioni kadi. Nikiiweka kwenye simu inafunguka vizuri. Kibovu ni kipi?

Huenda hakuna kibovu. Kadi za GB 64 kwenda juu hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na viredio vingi vya bei ya chini vinaujua FAT32 tu, ule wa kadi za GB 4 hadi 32. Simu inaisoma mifumo yote miwili. Unaweza kuifomati kadi kwa FAT32 (hamisha nyimbo kwanza, kila kilichomo kitafutika), ila kompyuta nyingi za Windows hazitoi chaguo hilo kadi ikizidi GB 32, hivyo itabidi utafute programu ya pembeni. Usijisumbue. Chukua ya GB 8. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 4, kwa hiyo hapo zinaingia nyimbo kama 2,000. Kiredio chenyewe kina kitufe kimoja cha kwenda mbele. Utabonyeza mpaka lini?

Ila hiyo ya GB 64, hasa kama uliuziwa kwa bei ya kutupa, ihakiki. Kadi ya bandia inaweza kuwa na GB 8 tu ndani, imechezewa ijitambulishe kuwa 64. Mwanzoni inaimba bila tatizo. Ikishajaa zile GB 8 za kweli, nyimbo zinazofuata huandikwa juu ya za zamani au hazihifadhiwi popote: jina unaliona, ukicheza ni kimya, au wimbo unakatika katikati unaingia mwingine. Ijaze hadi pomoni, ichomoe, irudishe, kisha cheza za mwanzo na za mwisho. Programu ya bure ya H2testw hufanya kazi hiyo yenyewe kwenye kompyuta, ingawa kwa kadi kubwa inachukua saa kadhaa.

Navua dagaa usiku, Kibirizi. Kiredio changu nakichaji kwa paneli. Zamani kiliimba mpaka alfajiri, sasa kikiimba saa mbili tu kinazima, na mfuniko wa nyuma umeinuka.

Betri imevimba. Usiichaji tena hata mara moja. Itoe taratibu, usiitoboe, usiikandamize ili mfuniko ufunge, usiitupe motoni. Kama ni aina ya BL-5C, ile ya simu za kitochi, mpya utaipata kwa fundi simu yeyote: V 3.7, mAh 1,000 hivi (mAh ni ujazo wa betri). Ndiyo sababu tunapendekeza kiredio chenye betri ya kuchomoa kuliko kile kizuri kilichozibwa kwa gundi.

Kabla hujaweka mpya, angalia paneli. Iliyoandikwa V 12 inaweza kufika V 20 juani ikiwa haijabebeshwa mzigo, na kiredio kinataka V 5. Usiunganishe waya moja kwa moja. Pitisha kwenye kidhibiti cha umeme chenye tundu la USB. Chajia kivulini pia, paneli pekee ndiyo ikae juani, maana joto huichakaza betri ya namna hii hata isipotumika. Kuhusu muda: kiredio kinachokula mA 100 kitaimba takriban saa 10 kwa mAh 1,000, na ukifungua sauti mpaka mwisho hesabu hiyo inaweza kupungua kwa nusu. Mtumbwini kiweke kwenye kopo lenye mfuniko. Kikilowa, zima, toa betri na kadi, kianike kivulini siku mbili. Kuwasha ili kuona kama bado kizima ndiko kunakokiua.

Nimeweka mawaidha sehemu ya 1 hadi 30, lakini yanajicheza ovyo: ya 7, ya 22, ya 3. Nipo Tabora.

Viredio vingi havifuati majina, vinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Futa yote, kisha nakili moja baada ya jingine kwa mfuatano unaoutaka. Yape pia majina ya 01, 02, 03, kwa kuwa kifaa kinachosoma majina huweka 10 kabla ya 2.