Maswali ya Wasomaji: Hivi 1844 Inatufanya Manabii wa Uongo?

SWALI: Shalom mzee wa safu. Mimi ni Msabato, nimebatizwa si muda mrefu. Kazini nakaa meza moja na jamaa mmoja mlokole, mtu poa sana, ila kila tukimaliza kula ananirudisha palepale, kwamba kanisa lenu limeanza na uongo, mlisema Yesu anarudi tarehe 22 Oktoba 1844 hakurudi, mkageuza maneno mkasema kumbe alikuwa anaingia chumba kingine huko mbinguni. Halafu ananifungulia Kumbukumbu la Torati 18:22 ananisomea taratiiibu. Juzi kaongeza na hii ya Ellen White, mwanzilishi wetu tunayemwita nabii, kwamba mwaka 1856 alisema baadhi ya watu waliokuwa mkutanoni watakuwa hai Yesu akirudi, na wote wameshakufa. Nikakosa jibu nikabaki nakunywa maji tu. Naomba unisaidie ila usinizungushe. (Jina kapuni)

JIBU: Shalom mpendwa. Usione aibu na hayo maji, kuna wachungaji wamemaliza jagi kwa swali hilohilo.

Sikuzungushi. Jamaa yako amefunga mizigo mitatu kwa kamba moja, na wewe ukajaribu kuibeba yote kwa mpigo ndiyo maana mgongo umekuuma. Kuna mahesabu ya William Miller, mhubiri aliyeanzisha kungoja huko, kuna maana ya 1844 kama kanisa linavyoifundisha leo, halafu kuna maneno ya Ellen White mwenyewe. Hiyo aya ya Kumbukumbu la Torati inasema nabii akinena kwa jina la BWANA na jambo lisitimie. Sasa muulize, kati ya hivyo vitatu ni nani alisimama akasema Bwana amenionyesha?

Miller hakusema hivyo hata siku moja. Alikuwa mkulima wa Low Hampton, jimbo la New York, kapteni kwenye vita vya 1812, kabla ya hapo alikuwa anaamini Mungu yupo ila hajishughulishi na watu, baadaye akaokoka akawa Mbatisti, akakaa chini na Biblia na itifaki yake, kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, akaanza kusoma aya kwa aya. Mwaka 1818 akafikia hitimisho kwamba Kristo atarudi baada ya miaka 25 hivi, na akanyamaza nalo, hakuanza kuhubiri mpaka 1831. Fikiria, mtu ana habari kama hiyo anakaa nayo miaka 13! Huyo alikuwa mfasiri wa Maandiko aliyekosea, na mfasiri akikosea anarekebishwa kama mwalimu wa hesabu aliyekosea kujumlisha ubaoni.

Ila hapa nikuonye, ndugu zetu wengi wakifika hapa wanaruka haraka wanasema "aah hao hawakuwa sisi, kanisa letu limesajiliwa Mei 1863 pale Battle Creek". Ni kweli kabisa kwamba waliongoja 1844 walikuwa Wabatisti, Wamethodisti na wengineo, na jina la Waadventista Wasabato limechaguliwa 1860. Lakini James White alikuwemo, Joseph Bates alikuwemo, Ellen akiwa binti wa miaka 16 alikuwemo. Hao ni wazee wetu, na ukimkana babu yako mbele ya mlokole yule atajua tu kwamba una kitu unaficha. Kubali: walikosea. Sema hivyo kwanza, uone kama hatanyamaza kidogo.

Walikosea wapi sasa? Chukua karatasi. Danieli 8:14 inataja nyakati za jioni na asubuhi 2300, ndipo patakatifu patakapotakaswa. Kwa kanuni ya siku moja kuwa mwaka mmoja (Hesabu 14:34, Ezekieli 4:6) hiyo ni miaka 2300. Unaanzia amri ya mfalme Artashasta ya kujenga upya Yerusalemu, Ezra 7, mwaka 457 kabla ya Kristo. Ukitoa 457 kwenye 2300 unapata 1843, na ndiyo maana Miller alisema kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Kumbe hakuna mwaka sifuri, ukitoka mwaka 1 kabla ya Kristo unaingia moja kwa moja mwaka 1 baada ya Kristo, kwa hiyo lazima uongeze mmoja, inakuja 1844. Agosti ya mwaka huo kwenye mkutano wa mahema kule Exeter, New Hampshire, mhubiri Samuel Snow akaeleza kwamba patakatifu palitakaswa siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho ya Walawi 16, na kwa kalenda ya Wakaraimu, kundi la Wayahudi wanaoshika Maandiko peke yake, mwaka huo siku hiyo iliangukia 22 Oktoba.

Namba zenyewe si za kubahatisha. Kwa hesabu ileile ukianzia 457 ukahesabu majuma 69 ya Danieli 9, yaani miaka 483, unafika mwaka 27 baada ya Kristo, na huo ndio tunaouweka kuwa mwaka wa ubatizo wa Yesu. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye kalenda, lilikuwa kwenye neno moja: patakatifu. Miller, kama wahubiri wengi wa wakati wake, alidhani patakatifu ni dunia hii na kutakaswa kwake ni kwa moto, basi akaunganisha, dunia inachomwa, Yesu anarudi. Aya yenyewe haisemi dunia popote.

Halafu ndiyo inakuja hii ya "mlijitungia kisingizio". Asubuhi ya tarehe 23 Hiram Edson, mkulima wa Port Gibson, akiwa amelia na wenzake mpaka kunakucha, alikuwa anakatiza shamba la mahindi kwenda kuwafariji wengine, na akiwa humo shambani ikamjia kwamba Kuhani Mkuu wetu hakutoka kuja duniani siku ile, aliingia patakatifu pa patakatifu kuanza kazi mpya. Mimi hii habari naipenda sana lakini nakuomba, usimwanzie nayo jamaa yako. Mtu amelia usiku kucha, asubuhi anapata maelezo yanayomtuliza, mimi mwenyewe ningekuwa nje ningetia shaka. Na chumba cha mbinguni hakuna mtu anaweza kwenda kuchungulia. Edson na wenzake walilijua hilo, ndiyo maana walirudi kwenye Biblia, na maelezo marefu ya mmoja wao, Crosier, yakachapishwa Februari 1846, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Wewe anzia huko huko: Waebrania 8:1-2 kuna hema ya kweli aliyoiweka Bwana wala si mwanadamu, Waebrania 9:23 vitu vya mbinguni navyo vinatakaswa, Danieli 7:9-10 hukumu inawekwa na vitabu vinafunguliwa kabla ya Mwana wa Adamu kupewa ufalme. Hapo mnabishana Maandiko kwa Maandiko, shamba la mahindi linabaki kuwa ushuhuda tu.

Akikujibu kwamba Danieli 8 ilishatimia kwa mfalme Antioko aliyelichafua hekalu, mwambie apige hesabu. Hekalu lilichafuliwa mwaka 167 kabla ya Kristo na kutakaswa 164, miaka mitatu na siku chache. Siku 2300 ni zaidi ya miaka sita. Ukizigawa mbili kama wengine wanavyofanya, jioni peke yake na asubuhi peke yake, unapata 1150, na bado zinazidi. Halafu aya ya 17 malaika anasema maono ni ya wakati wa mwisho.

Na mkumbushe Luka 24:21. Jumapili wanaimba hosana, Ijumaa bwana wao yuko kaburini, wale wawili wa Emau wanatembea wanasema tulikuwa tukitumaini yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. Unabii ulikuwa sahihi na muda ulikuwa sahihi, ila walichokuwa wanangoja kilikuwa kingine. Hakuna mlokole anayesema Ukristo ni wa uongo kwa sababu Kleopa, mmoja wa wale wawili, alikosea.

Haya, Ellen White. Hapa kipimo cha Kumbukumbu la Torati kinahusika kweli kwa sababu yeye alisema ameonyeshwa, kwa hiyo hatuna pa kukimbilia na wala hatupaswi. Maneno ya 1856 yapo, tusiyakatae. Kwenye mkutano wa Battle Creek alisema ameonyeshwa waliokuwepo, wengine watakuwa chakula cha funza, wengine watapata mapigo saba ya mwisho, wengine watakuwa hai na kuhamishwa kwenda mbinguni bila kufa Yesu ajapo. Leo hakuna hata mmoja aliye hai.

Tunajibu kwamba unabii wa namna hiyo una sharti hata kama sharti halikutamkwa. Yona alitangaza "Baada ya siku arobaini Ninawi utaangamizwa", hakuweka "msipotubu" wala nini, siku 40 zikapita mji umesimama na Yona amenuna chini ya mtango. Kwa kipimo cha jamaa yako Yona ni nabii wa uongo. Yeremia 18:7-10 Mungu anaeleza kanuni yenyewe: akitangaza kung'oa na watu wakageuka, anaghairi, akitangaza kujenga na watu wakafanya maovu, anaghairi vilevile. Ellen White aliulizwa hili akiwa hai bado, na mwaka 1883 aliandika kwamba ahadi na maonyo ya Mungu vyote vina masharti, na kwamba kazi ambayo ingeharakisha kuja kwa Bwana haikufanyika.

Sasa jamaa yako kama ana akili, na inaonekana anazo, atakwambia basi kila unabii ukifeli mtasema sharti. Ni hoja nzuri, usiichekee. Jibu ni kwamba sharti haliwekwi popote tunapobanwa. Yeremia 18 inazungumzia watu wanaoitikia au kukataa, haizungumzii mahesabu ya nyakati. Ndiyo maana husikii Msabato anayejua anachosema akidai zile siku 2300 zilikuwa na sharti, hapo tunasema tarehe ilitimia na tukio tulilielewa vibaya. Na 1856 ilikuwa habari ya watu, wangekuwa waaminifu kiasi gani na kazi wangeifanya kiasi gani. Hizo ni njia mbili tofauti za kujibu na ukizichanganya umekwisha. Kwa maoni yangu hii ya 1856 ndiyo swali gumu kuliko yote anayokuuliza, ile ya 1844 kelele ni nyingi ila jibu lake lina miguu zaidi.

Na kama atakuletea habari ya "mlango uliofungwa", kwamba baada ya 1844 waliamini mlango wa rehema umefungwa kwa ulimwengu, mwambie ndiyo, waliamini kwa muda, na Ellen White mwenyewe alikiri kwamba naye aliamini hivyo pamoja na wenzake, akisema lakini kwamba njozi zake ndizo zilizowatoa huko.

SWALI: Ni kweli walivaa kanzu nyeupe wakapanda juu ya mapaa kumngoja Yesu? Nimeisikia tangu mtoto. (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Hapana. Ni dhihaka za magazeti ya wakati ule zikageuka historia. Mwandishi wetu Msabato, Francis Nichol, alizifuatilia moja moja akatoa kitabu kizima 1944 na hakuona ushahidi wa maana. Walichofanya kweli ni kuacha mazao. Inasimuliwa Leonard Hastings wa New Ipswich alikataa kuchimba viazi vyake, majirani wakamcheka, halafu mwaka ule viazi vilivyochimbwa mapema vikaoza ghalani na vya kwake vilivyokaa ardhini vikapona. Wakati wa kupanda walikuja kununua kwake walewale.

SWALI: Mathayo 24:36 inasema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Miller hakuisoma? Na je, mtu akija leo na tarehe mpya tufanyeje? (Mama wa Jumamosi)

JIBU: Aliisoma mama, tena sana. Ndiyo maana kwa miaka yote alitaja mwaka tu na kugoma kutaja siku. Hiyo 22 Oktoba ilikuwa ya kina Snow, moto ulishaenea kila mahali wakati Miller bado anaitilia shaka, alikuja kuikubali mwanzoni mwa Oktoba, zimebaki wiki mbili hivi. Mwaka uliofuata akaandika wazi kwamba alikosea, bila kona kona. Hakuwahi kuwa Msabato, akafa Desemba 1849 bado anangoja.

Wa tarehe mpya mpe kiti, mpe chai, usimpe mimbari. Ellen White alipinga kupanga tarehe baada ya 1844 mpaka anakufa 1915.