Maswali yenu kuhusu "Let's Get Free" ya dead prez

Hawa dead prez ni akina nani? (Msomaji, Mwanza)

Ni marapa wawili wa Marekani, M-1 na stic.man. Walikutana Tallahassee, Florida. Albamu hii ndiyo yao ya kwanza, ilitoka 2000 chini ya Loud Records.

Nasikia wana uhusiano na neno letu "uhuru". Kweli? (Msomaji, Tanga)

Kweli kabisa. Walikuwa wanaharakati wa Uhuru Movement, harakati ya ukombozi wa watu weusi ya Omali Yeshitela, yenye makao St. Petersburg, Florida. Huko watu husalimiana "Uhuru!", neno lilelile babu zetu walilolipigia kelele 1961. Nikilisikia kwa wenzetu waliozaliwa ng'ambo ya bahari, mwili hunisisimka. Na si salamu tupu. Oktoba 1996 polisi wa mji huo alimuua kwa risasi TyRon Lewis, kijana mweusi wa miaka 18 aliyekuwa ndani ya gari, na mtaa ukawaka. Sikiliza wimbo wao "Police State" ukiwa na hilo kichwani.

Wanachana kuhusu dawa za kulevya na bunduki, halafu wanajiita wakombozi? (Mama wa watoto watatu, Kinondoni)

Mama, anza na ufunguzi, "Wolves". Yeshitela anahutubia. Anasimulia wawindaji wanaopaka kisu damu na kukichimbia kwenye barafu, makali juu. Mbwa mwitu analamba, ulimi unachanika, anaendelea kunywa akidhani ni chakula, kumbe anakunywa damu yake mwenyewe hadi anakufa. Kisu hicho, anasema, ndicho kokeini iliyomwagwa mitaa ya watu weusi. Kijana anaiuza apate gari zuri, kisha lawama zote zinamwangukia yeye, aliyechimbia kisu hatajwi. Kwangu huo ndio moyo wa albamu: maisha ya mtaani yanaelezwa bila kupambwa, na bila kumgeuza muuzaji wa kona kuwa shetani.

Matusi yamo, sikufichi. Ukitaka kuwasikilizisha wanao, waanzishie "Be Healthy", inayosifu matunda, mboga na maji. Kwa hawa jamaa, kutunza mwili nako ni mapambano.

"Behind Enemy Lines" inamzungumzia Fred yupi? (Msomaji, Nakuru)

Wawili, baba na mwana. Baba, Fred Hampton, aliongoza Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, mjini Chicago. Alfajiri ya Desemba 4, 1969 polisi walivamia nyumba yake wakaimiminia risasi. Alikuwa na miaka 21. Mchumba wake, ambaye leo anaitwa Akua Njeri (ndiyo, Njeri), alikuwa kando yake, mjamzito, na mtoto akazaliwa wiki chache baadaye. Huyo ndiye Fred Hampton Jr., naye akawa kiongozi katika harakati za Uhuru, akafungwa 1993 kwa kesi ya uchomaji moto ambayo wenzake waliiona ya kisiasa. Wimbo unaanza na binti mdogo ambaye baba yake yuko jela. Albamu ilipotoka, Fred alikuwa bado ndani. Aliachiwa 2001.