Maswali ya Wasomaji: Mnara wa Ofisi Katikati ya Jiji

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: pendekezo la kujenga mnara wa ofisi wa ghorofa 40, wenye ghorofa 4 za chini ya ardhi, katikati ya jiji. Wahandisi na wasanifu wetu wamejibu tano kati ya hizo. Kwa wote wanasema hivi: usihukumu mradi kwa picha ya rangi iliyobandikwa uzioni. Soma ripoti za udongo, upepo na lifti, na uzidai kabla kibali hakijatoka.

Swali: Nina jengo la ghorofa mbili, mita 4 tu kutoka mpaka wa kiwanja. Nasikia watachimba mita 14 kwenda chini. Nifanye nini kabla hawajaanza, na nitajuaje kama wananiharibia? *Jirani wa kiwanja*

Jibu: Ndugu jirani, una haki ya kuwa na wasiwasi. Shimo la mita 14, hata likizungushiwa ukuta mzuri wa zege, hulegeza udongo ulio nyuma ya ukuta huo. Ardhi hushuka kidogo, na mshuko huweza kufika umbali wa mara mbili au tatu ya kina cha shimo. Jengo likishuka lote kwa pamoja halidhuriki sana. Hupasuka pale upande mmoja unaposhuka kuliko mwingine, na upande wako ulio karibu na shimo ndio utakaotangulia.

Kwanza, dai ukaguzi wa hali ya jengo lako kabla ya kazi kuanza, kwa gharama ya mwenye mradi na kwa mkaguzi mnayekubaliana. Kila ufa upigwe picha ukiwa na rula pembeni, uandikiwe tarehe, na nakala iliyotiwa saini ubaki nayo. Bila karatasi hiyo, kila ufa mpya utaambiwa ulikuwepo.

Pili, vipimo vianze wiki kadhaa kabla ya uchimbaji. Kuta hujongea zenyewe kwa joto la mchana na mabadiliko ya majira, na usipoujua mwendo wake wa kawaida huwezi kuutenga na ule wa shimo. Hata wewe unaweza kupima: pigilia pini ndogo mbili, moja kila upande wa ufa, upime nafasi kati yake kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) kila wiki, saa ileile ya siku. Ufa wa chini ya milimita 1 kwa kawaida ni wa kuziba na kupaka rangi. Ukikaribia milimita 5, na milango ikaanza kukwama, mwite mhandisi wa miundo siku hiyohiyo.

Tatu, uliza viwango vya tahadhari. Mpango mzuri una kiwango cha njano, ambapo vipimo huongezwa na mbinu ya kuchimba hubadilishwa, na cha nyekundu, ambapo kazi husimama. Kwa mtetemo wa mashine, kikomo kinachotumika sana kwa nyumba za kawaida ni kama milimita 5 kwa sekunde. Kwa majengo ya kale huwa chini ya hapo. Viwango hivyo viandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu ahadi ya mdomo haisimamishi mashine.

Maji ndiyo husahaulika zaidi. Ili shimo libaki kavu, maji ya ardhini huvutwa kwa pampu. Yakishuka nje ya ukuta pia, udongo wa mfinyanzi hujikaza na kila kilicho juu yake hushuka. Dai visima vya kupimia maji upande wako. Tena, chota maji yanayotoka kwenye bomba la pampu, uyaweke katika chupa angavu, uyaache yatulie nusu saa. Mchanga ukijikusanya chini siku baada ya siku, basi pampu inavuta na udongo, na udongo huo unaweza kuwa unatoka chini ya majirani. Hilo ni la kuripoti mara moja.

La mwisho: ukuta wa shimo mara nyingi hushikiliwa na nyaya za chuma zinazochomekwa kwa ulalo chini ya viwanja vya jirani. Chini ya kiwanja chako zisipite bila kibali chako cha maandishi, kinachoeleza kina chake na kama zitalegezwa kazi ikiisha. Ukitaka kuchimba msingi wako siku moja, utazikuta.

Swali: Picha ya mradi inaonyesha watu wameketi nje chini ya mnara. Mgahawa wangu uko ng'ambo ya barabara na una meza za nje. Je, upepo utakuwaje? *Mwenye mgahawa*

Jibu: Picha haipimi upepo. Upepo ukigonga uso wa jengo refu hugawanyika, na sehemu kubwa huteremka hadi barabarani, kisha hukimbilia pembeni. Kwa hiyo pembe za mnara, pamoja na vichochoro kati yake na jengo la pili, ndizo sehemu mbaya zaidi. Si jambo la kofia kupeperuka tu: mjini Leeds, Uingereza, mwaka 2011, upepo karibu na mnara uitwao Bridgewater Place ulipindua lori, likamuua mpita njia. Baadaye vikawekwa vizuizi vikubwa vya upepo juu ya barabara. Dawa hiyo ilikuja baada ya mauti, na ni ghali kuliko kuurekebisha mchoro.

Omba ripoti ya majaribio ya upepo. Mfano mdogo, kwa kawaida wa kipimo cha 1:300 au karibu na hapo, wa mnara huwekwa ndani ya njia ya upepo, yaani chumba kirefu chenye feni kubwa, pamoja na mifano ya majengo yote yanayouzunguka, ukageuzwa kila upande. Tafuta namba ya sehemu yako. Kwa mtu aliyeketi, wastani wa kasi usizidi mita 4 kwa sekunde, aliyesimama, 6, anayetembea, kama 8. Kasi hizo zisivukwe kwa zaidi ya asilimia 5 ya muda wote. Angalia pia kama miti imehesabiwa kuwa kinga. Mti mchanga hauzuii chochote kwa miaka mingi, na hata mkubwa unaweza kukatwa. Kinga ya kweli ni umbo: sehemu ya chini iliyo pana kuliko mnara, ili upepo unaoteremka uishie juu ya paa lake, au kipaa kipana juu ya milango.

Uliza na habari za jua. Kule London, mwaka 2013, uso uliobonyea wa jengo la 20 Fenchurch Street ulikusanya miale kama kioo cha kukuzia ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Mwaka uliofuata likavikwa vibao vya kuzuia jua. Uso wa vioo uliopinda kuelekea barabara udaiwe hesabu yake.

Swali: Kampuni yetu inafikiria kupanga huko. Lifti zitatosha? *Meneja wa ofisi*

Jibu: Piga hesabu mwenyewe. Tuchukue sakafu ya mita za mraba 1,500. Kiini cha jengo, yaani lifti, ngazi, vyoo na mabomba, hula kama robo. Zinabaki kama 1,100 za kutumia (hakikisha hizo ndizo unazolipia, si 1,500). Kwa mita za mraba 10 kila mtu, ni watu 110 kwa ghorofa, na 4,400 kwa ghorofa 40. Asubuhi lifti zinapaswa kubeba angalau asilimia 12 yao katika dakika 5, yaani watu 528. Lifti inayopakia watu 16 na kurudi baada ya sekunde 150 hubeba 32 katika muda huo. Zinahitajika 17. Mchoro ukionyesha 10, foleni itafika mlangoni. Angalia pia kama zimegawanywa, baadhi kwa ghorofa za chini na nyingine kwa za juu bila kusimama njiani. Zikisimama kila ghorofa, hizo sekunde 150 hazitoshi.

Swali: Ni kweli minara huyumba? *Msomaji*

Jibu: Ndiyo, na imekusudiwa hivyo. Mnara wa mita 200 huruhusiwa kusogea kama sentimita 40 kileleni katika upepo mkali unaotumiwa kuusanifu. Kinachomsumbua mtu ni jinsi mwendo unavyobadilika ghafla, ndiyo maana Taipei 101, yenye mita 508, ina tufe la chuma la tani 660 linaloning'inia ndani kutuliza mtikisiko.

Swali: Mbona miradi kama hii hukaa miezi mingi bila kuonekana juu ya uzio? *Mpita njia*

Jibu: Kwa sababu kazi ngumu iko chini. Kule San Francisco, Millennium Tower ya ghorofa 58 ilisimamishwa juu ya nguzo zilizoishia kwenye mchanga mgumu bila kufika kwenye mwamba. Ilishuka kama sentimita 40 na kuinama, ikalazimu kuongezewa nguzo zinazofika mwambani. Miezi ya kutoboa ardhi ni miezi iliyotumika vizuri.

Baada ya nguzo huja jamvi la zege, yaani bamba nene la msingi linalobeba jengo lote. La mita za mraba 2,000 na unene wa mita 3 ni mita za ujazo 6,000, sawa na safari 750 za lori la mita za ujazo 8. Humwagwa mfululizo, usiku na mchana, au kwa mafungu yaliyopangwa, kwa sababu zege likikauka katikati ya kazi huacha mshono dhaifu. Nalo hujipasha joto: ndani lisivuke nyuzi 70, wala lisipishane na uso kwa zaidi ya 20 hivi, la sivyo hupasuka. Ndiyo sababu hufunikwa lihifadhi joto, jambo linalowashangaza wengi. Likishakomaa, kiini na sakafu hupanda ghorofa moja kila siku 4 hadi 7. Wakazi waulize mapema malori hayo 750 yatapita barabara gani, saa ngapi, na nani atazisafisha.